Kiingereza cha Bwana Muir

Kwa miaka kumi na minane Omwenga alikijua Kiingereza, mpaka mwaka 1968 alipoambiwa hakijui.

Alifundishwa na Bwana Muir, Mskoti aliyekuwa meneja wa shamba la chai karibu na Kericho. Alijifunza kutetemesha r, na kukwaruza koo mwisho wa "loch", yaani ziwa, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mtoto alikuwa "bairn", ndiyo ilikuwa "aye", na mvua ya Kericho inayoanza saa nane ikasahau kwenda zake ilikuwa "dreich". Kwa ujuzi huo akawa karani wa kiwanda, akapewa nyumba ya mawe yenye bomba la moshi.

Muir alipostaafu akaja Bwana Pearce, Mwingereza wa London. Omwenga akampa habari za kiwanda kwa ufasaha wake wote. Pearce akakodoa macho.

"Mimi hapana sikia," akasema kwa Kiswahili cha kuunga-unga. "Jifunza Kingereza mwezi moja. Kama hapana, toka nyumba ya karani, rudi chuma chai."

Omwenga alikasirika, kisha akaogopa.

"Labda ni wewe umekosea," mkewe Nyamoita akamwambia.

"Mimi? Hata r imemshinda. Huyo ni mtu wa mpakani tu. Kama sisi Wakisii wa Chepilat na Kikipsigis chetu cha kuokota sokoni."

Wiki ya tatu mashine ya kukausha majani ikakwama. Akaletwa fundi Mskoti, mzee aliyeshuka meli juzi tu. Alitambaa chini ya mashine, akatoka, akauliza jambo. Pearce akamwomba arudie, mara tatu. Mara ya nne akaona haya, akaitikia kwa kichwa. Fundi akaagiza nyundo kubwa.

Omwenga akasimama katikati yao, kama wanavyofanya Chepilat Mkisii na Mkipsigis wasiposikizana: mambo yapitie Kiswahili.

"Bwana, umekubali avunje ukuta."

"Ukuta gani?"

"Huu, apate kuutoa mkanda ulionasa. Ama aukate, tungoje mkanda mpya kutoka Nakuru."

Pearce akageuka rangi. "Ambia yeye ngoja mkanda."

Omwenga akageuza maneno, r zikitetemeka. Fundi akaweka nyundo chini, machozi yakamlengalenga kwa kusikia lugha ya kwao. Akamuuliza ametoka wapi.

"Chepilat," Omwenga akajibu.

Siku tatu Wazungu wale wawili walizungumza hivyo, mpaka mashine ikanguruma.

Mwisho wa mwezi Omwenga aliingia ofisini, kofia mkononi. Pearce alikuwa akitazama mvua dirishani.

"Hii mvua. Fundi naita nini?"

"Dreich, Bwana."

Pearce akajaribu, akaishia kukohoa. Omwenga alimhurumia kwa kweli: mtu mzima, na lugha ya kwao imempita.

"Njoo nyumbani saa kumi na moja, Bwana. Tutaanza na r."

"Nyumba gani?"

"Ya karani," Omwenga akasema. "Yangu."

Pearce akageuka kutoka dirishani.

"Aye," akasema, vibaya sana.