Umri wa Mwalimu

Mwalimu wa hesabu aliyemposa kitinda mimba wa Bibi alikuwa ameapa kwamba hana mtoto. Sasa Bibi akamsikia mjukuu wake akisoma swali walilopewa na mwalimu huyohuyo: "Umri wa mwalimu ni mara nne ya umri wa mwanawe. Jumla ni miaka arobaini."

"Mwana gani tena?" Bibi akadakia.

"Ni hesabu tu, Bibi! Mtoto ni x, mwalimu 4x. 5x ni arobaini, basi mtoto ana minane, mwalimu thelathini na miwili."

Bibi akaguna. Umri wa mkwe mtarajiwa ndio huohuo.

Jioni mwalimu alipokuja, Bibi alimvutia kiti, akauliza kwa upole, "Mwanao wa miaka minane hajambo?"

"Hajambo, mama, ila mafua ya..."

Kitinda mimba, aliyekuwa akileta chai, akageuka, akarudi nayo jikoni.