Sauti ya Nyenje

Miezi minne baada ya kumzika mwanawe wa mwisho, mama alimwambia binti yake neno ambalo lilimkaa kichwani wiki nzima.

"Nimeanza kuisahau sauti yake," alisema huku akikunja shuka. "Sura ninayo, hata nikifumba macho namwona. Ila sauti inanitoka."

Binti alikuwa mfamasia, mtu wa kupima na kuhesabu vidonge, na hakuzoea kukosa la kumjibu mtu. Aliipekua simu yake mwanzo mpaka mwisho. Marehemu hakuwa mtu wa kutuma sauti. Alikuwa akipiga, anacheka, anakata. Picha zilikuwa tele. Video ilikuwa moja tu, ya harusi ya jirani, naye humo amesimama nyuma, mdomo umejaa chakula. Na huyo ndiye waliyemwita Nyenje tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Homa ilimshika Jumatatu akiwa kazini, Ijumaa akawa hayupo. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Ndipo mfamasia alipokumbuka ule mchezo wa kompyuta.

Nyenje aliutunga akiwa na miaka kumi na minne, kwenye kompyuta kuukuu ambayo baba yao aliileta kutoka ofisini ilipokuwa inatupwa. Ulikuwa mchezo wa paka anayekimbia juu ya mapaa na samaki mdomoni. Kila paka alipoanguka, sauti ya Nyenje ilimsema. Waliirekodi ndani ya kabati la nguo ili kelele za barabarani zisiingie; yeye dada mtu ndiye aliyeshika maikrofoni, amebanwa kati ya makoti, wanacheka mpaka wanaanza upya.

Diski aliipata kwenye bahasha ya vyeti. Aliiweka kwenye kompyuta yake mpya, mama amevuta kiti karibu, miwani amekwisha kuivaa. Skrini ikaandika kwamba programu ile haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hiyo. Alijaribu mara sita. Mama alivua miwani, akaifuta, akairudisha kwenye kasha lake.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, mfamasia alimpelekea diski fundi wa kompyuta mwenye duka mtaa wa pili, mzee mwenye mvi ambaye watu walimwita Bisibisi.

"Diski ni nzima," Bisibisi alisema baada ya kuichungulia. "Wala kompyuta yako haina kosa. Hawa wawili hawaelewani, basi. Zamani mchezo ulikuwa kama mgeni wa nyumbani: anaingia moja kwa moja mpaka jikoni, anafunua sufuria, anajipakulia. Mchezo unashika spika wenyewe, unashika skrini wenyewe. Mifumo ya siku hizi ina mlinzi mlangoni. Kila kitu uombe, na uombe kwa lugha yake. Huyu mdogo wako aliandika kwa lugha ambayo mlinzi wa leo hakufundishwa."

"Siwezi kuitoa sauti peke yake?"

"Nimeitafuta. Ameifungia ndani kwa ufundi wake mwenyewe, na angekuwepo ningemuuliza." Akainua kichwa. "Ile kompyuta ya zamani iko wapi? Hiyo ingemaliza kazi kwa dakika moja."

Mfamasia alisema ataangalia. Hakuwa na pa kuangalia. Wiki mbili baada ya mazishi alikuwa amewaita wanunuzi wa vyuma chakavu wakati mama amelala, wakaibeba, kwa sababu kila akipita chumbani aliona kiti cha Nyenje kimesogezwa mbele ya kompyuta hiyo, akageuka na kutoka.

Jioni hiyo akamwambia mama yote, amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Najua," mama alisema. "Sikuwa nimelala, nilikuona kupitia dirisha. Ningetaka kukuzuia ningekuzuia. Na mimi sikutaka kuiona."

Kumbe walikuwa wameitupa wote wawili.

Kompyuta ya zamani ilipokosekana, Bisibisi alichukua siku tisa. Alitengeneza ndani ya kompyuta mpya kompyuta nyingine ya kuigiza, ya kizamani, isiyo na mlinzi. Mara ya kwanza paka alipotea kabla jicho halijamwona, na sauti ikatoka kama mlio wa mbu. Nyenje aliupima muda kwa mwendo wa mashine ile ya kale, na za leo zinakwenda mbio mara elfu. Fundi akapunguza mwendo, akapunguza tena. Jumamosi akawaita.

Mama alikaa kwenye stuli ya dukani, mkoba mapajani. Mfamasia akabonyeza. Paka akaruka paa la kwanza, akaruka la pili, akaanguka.

"Umeanguka tena, ndugu yangu," spika zikasema. "Inuka, samaki anapoa."

Mfamasia alishika ukingo wa meza. Alikuwa Nyenje hasa, na nyuma ya maneno, kwa mbali, palikuwa na kicheko kilichozuiwa, kicheko cha mfamasia mwenyewe akiwa msichana.

"Rudia," mama akasema.

Wakarudia mara tatu. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, na mara ya tatu machozi yalishuka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta.

"Ahsante, baba," akamwambia fundi. "Umefanya kazi kubwa." Kisha akamgeukia binti yake. "Huyu ni mtoto, mwanangu. Sauti yake hata haijawa nzito. Mimi namtafuta yule mwanamume aliyekuwa akinipigia simu Jumapili, akisema, 'Mama, umekula?'"

Bisibisi aligeuka akajifanya kupanga nyaya.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama ameshika mkono wa binti yake. Hakuomba tena kuusikia mchezo ule, na hakukataza. Mfamasia huufungua siku moja moja wakati wa mapumziko, nyuma ya rafu za dawa, na humwacha paka aanguke makusudi. Ile sauti ya mtu mzima amejaribu kuiigiza akiwa peke yake, "Mama, umekula?", apate walau kumwonyesha mama ilivyokuwa. Kila akijaribu inatoka sauti ya dada mtu.