Mgeni Katika Shimo la Waridi

Miche ya majani ya paspalamu ilifika Ushirombo kutoka Kahama asubuhi ya Jumamosi, ikiwa ndani ya magunia yaliyoloweshwa maji, na Tereza akaipanga kivulini karibu na bomba isije ikanyauka. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea jumuiya ndogo ya Mtakatifu Monika. Alitaka wenzake wasali wakiwa juu ya majani, si juu ya vumbi. Mbele ya baraza alichomeka vijiti vinne kuonyesha mahali pa maua ya waridi, akamwambia Marselino, kibarua wake, achimbe kina cha goti, kisha akaingia ndani kuchemsha chai.

Kosa lake lilikuwa kumpa kazi ya bustani mchimba dhahabu. Marselino alikuwa ameacha machimbo, lakini mikono yake haikuwa imeacha. Alipofika kina cha goti alikuta jiwe jeupe, na watu wa kule hawapiti jiwe jeupe bila kulifuata. Tereza aliporudi na kikombe, alikuta kofia tu ikionekana, na kuta za shimo zimenyooka vizuri.

"Marselino, nilikwambia waridi. Sikukwambia dhahabu."

"Niliona dalili ya mwamba, mayu," alijibu Marselino kutoka chini, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nikasema nikuchunguzie bure."

"Umeupata?"

"Nimeupata. Ila una meno."

Chini ya mawe meupe yaliyopangwa kwa mviringo alilala mwanamke kwa ubavu wa kushoto, viganja vyote viwili chini ya shavu, ingawa shavu lenyewe halikuwepo. Alikuwa mifupa ya rangi ya chai, na bangili ya chuma mkononi. Miguuni pake palikuwa na jiwe la kusagia. Marselino alivua kofia. Alipofuta udongo wa mwisho begani, mwanamke yule aliketi, akakohoa vumbi, akaomba maji.

Tereza alimletea maji kwenye kikombe cha bati, pamoja na khanga, kwa kuwa mgeni hakuwa na nguo na wanaume walikuwepo.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Mgeni hakuijua salamu ile. Alipiga makofi taratibu, kama wanawake wa Ushirombo wanavyopokea heshima, na hilo likatosha. Otmar, mume wa Tereza, ambaye ni Msumbwa na fundi viatu, aliweka chini kiatu alichokuwa akikishona, akasogea kusikiliza. Lugha ya mgeni ilikuwa ya zamani sana, lakini aliielewa nusunusu, kama mtu anayetafuta idhaa ya nyumbani akaangukia ya Burundi.

"Anashukuru kwa maji," alisema Otmar. "Anauliza mbona nyumba hii haina kelele za mtoto."

Tereza alitazama kikombe. "Mwambie alikuwepo."

Mtoto huyo alikuwa Nestory. Alifariki kabla hajajua kutembea, kwenye kijiji chao cha zamani upande wa Geita. Hakupata ndugu wa kumfuata, lakini mama yake hakuacha kuitwa Mama Nestory, na aliitika kila mara.

Otmar alitoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, kama inavyotakiwa, na Jumatatu akaja mtaalamu wa mambo ya kale, Bi Raudha, akiwa na brashi, chekecheo na sanduku refu la mbao. Alimsalimu Bibi na kumwomba ruhusa kabla ya kumpima mkono. Bibi akaunyoosha. Bi Raudha alikadiria kwamba alikuwa amelala pale zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

"Umejuaje kwamba hili ni kaburi?" Tereza aliuliza.

"Mawe, Mama Nestory. Tazama yalivyopangwa. Jiwe halijipangi lenyewe."

Tereza aliketi ukingoni mwa shimo. Kisha akasimulia, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba kaburi la Nestory nalo lilikuwa la mawe meupe kwa mviringo; mama mkwe wake ndiye aliyeyapanga. Mgodi ulipochukua kijiji, wakaguzi walipita kuhesabu makaburi. Yaliyojengewa kwa saruji yalihamishwa kwa heshima, na padre akasindikiza. La Nestory waliliita mawe. Otmar aliwabembeleza, wakamjibu kwamba mawe yako kila mahali. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, malori yalianza kumwaga kifusi cha mgodi mahali pale, na sasa ni kilima kirefu kuliko mnara wa kanisa. Tangu siku hiyo alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu: kabla hajafa, walale yeye na mwanawe kwenye ua mmoja.

Bi Raudha aliweka brashi chini, akapiga simu mgodini. Mtu mwenye sauti ya upole alimjibu kwamba kumbukumbu zao hazionyeshi kaburi lolote pale, na kwamba kilima hakihamishiki. Alimtakia kazi njema.

Bibi alikuwa akisikiliza huku Otmar akimfasiria. Alisema maneno mengi, akinyoosha kidole kaskazini.

"Anasema anamfahamu," alisema Otmar. "Chini kule ni majirani. Mtoto anayekohoa. Kifusi kinamlemea, hawezi kujigeuza."

Tereza alishika udongo wa ukingoni, ukammeguka mkononi. "Mwulize ni mbali?"

"Si mbali kwa anayejua njia. Anaomba nguo nyingine. Habebi mtoto mgongoni bila nguo."

Tereza alimpa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambacho alikuwa hajakivaa ila Pasaka. Bibi alikikunja, akalala kwa ubavu wake wa kushoto, akajivutia udongo kama blanketi, akaenda zake.

Wakati hayupo, Marselino alipanda paspalamu. Bi Raudha alisafisha jiwe la kusagia. Siku ya jumuiya ilipofika, viti vilipangwa kulizunguka shimo, na Klara, mwenyekiti wa jumuiya, akauliza kama inafaa kumwombea mtu ambaye hakubatizwa.

"Alikufa kabla Injili haijafika huku," alisema Otmar. "Utamlaumu kwa habari ambayo hakuisikia? Hata Ibrahimu hakubatizwa."

"Haya. Ila Baba Paroko akiuliza, nitasema ni wewe fundi viatu uliyetufundisha."

Walikuwa katikati ya rozari udongo ulipoanza kutikisika. Bibi alitokeza kichwa, kisha mabega, na mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa vizuri. Marselino alimpa mkono, kama wachimbaji wanavyopokeana.

"Taratibu, bibi. Ukingo huo mbovu."

Tereza alimpokea mwanawe. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu kitupu. Alikuwa amevaa sweta ya manjano aliyomfumia, imepungua kifungo kimoja, na alikuwa akikohoa. Wanawake walileta beseni na maji ya uvuguvugu. Maji yalitoka ya kijivu kwa vumbi la mawe yaliyosagwa, na chini ya beseni kukabaki kitu cha manjano kinachometameta. Marselino aliinamisha beseni kidogo, akalizungusha.

"Ipo, mayu."

"Ipo," Tereza alikubali, akaimwaga kwenye majani.

Marselino aliitazama inavyozama, akameza mate. Mtoto akaacha kukohoa.

Baba Paroko alikuja na maji ya baraka na hakuuliza lolote kuhusu Ibrahimu. Shimo halikuhitaji kuongezwa. Kina chake kilikuwa kile kile wanachochimba watu wanapomzika mtu. Bibi alishuka, akalala alivyozoea, akatoa mkono mmoja chini ya shavu na kuufungua. Tereza alishuka mwenyewe, akamlaza Nestory hapo. Alimwambia Bibi asante kwa Kiswahili, kisha Otmar akalirudia kwa Kisumbwa, na Bibi akapiga makofi kwa vidole tu, asimsumbue mtoto.

Bi Raudha alisimama ukingoni na sanduku lake.

"Sheria inataka nimchukue."

"Mchukue," alisema Tereza, "kama utaweza kumtoa bila kumwamsha mtoto."

Bi Raudha alishuka shimoni. Alilirudisha jiwe la kusagia miguuni pa mwenyewe, akalipakia sanduku tupu kwenye gari.

"Nitasema nimemkuta kwake, na familia yake," alisema.

Mawe meupe aliyapanga Tereza, na waridi zikapandwa kuyazunguka.

Baada ya wiki alikuja Thobias, yule mtu wa mgodi mwenye sauti ya upole. Alileta sukari na mchele, akavua viatu asikanyage majani machanga, akasema poleni, akasema na hongereni. Alikunywa chai. Kisha akaeleza, kwa heshima, kwamba kwa kuwa marehemu amezikwa hapa Ushirombo, imethibitika kuwa ukaguzi wao ulikuwa sahihi: chini ya kilima kile hakuna kaburi.

"Bibi alituambia wapo wengine," alisema Otmar. "Hakuweza kuwabeba. Ni watu wazima."

"Ni akina nani?"

Otmar aliwataja aliowajua, wazee na wanawake waliofunikwa na kifusi. Thobias alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Hao nao wakifika, tutashukuru mkitujulisha," alisema.

Tereza alimsindikiza hadi barabarani kama mgeni yeyote, akamshukuru kwa sukari. Aliporudi alipiga magoti kwenye majani. Alianza na shukrani, na zilikuwa ndefu, kwa sababu alichokiomba alipewa. Kisha akawaombea waliobaki, mmoja mmoja kwa jina, na kule Geita malori yakaendelea kumwaga.