Chai Mbele ya Laptopu

Wepukhulu alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo ni wakubwa. Wakubwa ndio walioacha jenereta ya hospitali bila mafuta siku ile stima ilipotea na mke wake Lenah yuko kwenye kitanda cha upasuaji. Wakubwa hao hao walikuja mazishini Bungoma na miwani nyeusi, wakala nyama, wakaenda. Hata mvua ikichelewa, mzee alijua ni nani ameikalia.

Baadaye binti yake Nasike alimleta mtaa wa Tuwan, hapa Kitale, kwa nyumba yake ya vyumba viwili. Nasike alifanyia kazi sebuleni. Laptopu ilikaa mezani juu ya makopo mawili ya mafuta ya kupikia, ili shingo isimuume. Rauta ilining'inia dirishani, mahali pekee iliposhika mtandao vizuri. Kichwani alivaa hedfoni zenye kijiti cha kusemea, akashinda akijibu watu wa ng'ambo waliopotelewa na mizigo: pole mama, pole baba, viatu vyako viko njiani.

"Papa," alimwambia mzee, "ukiona hedfoni ziko kichwani, mimi sipo hapa."

"Uko wapi?"

"Niko kazini."

"Na hiyo miguu chini ya meza ni ya nani?"

Shida ilikuwa mashine ya kusaga posho ya jirani yao Kibe. Ikinguruma, kile kijiti kinameza mngurumo wote na kuupeleka ng'ambo. Nasike alikuwa bado kwa majaribio, na alishaonywa: siku ya kupimwa kelele zikisikika, hakuna kazi. Bila kazi hakuna nyumba ya Tuwan. Ni kurudi Bungoma wote wawili, na kila asubuhi mzee akifungua mlango, kaburi la Lenah ndilo la kwanza kumtazama. Kulikabili hilo mzee hakuwa na nguvu.

Nasike aliomba blanketi zito la mama yake, alitundike dirishani lizuie sauti. Blanketi hilo lilikuwa ndani ya sanduku la bati tangu mazishi.

"Blanketi la mama yako halitakuwa pazia la wakubwa," Wepukhulu akasema, akakalia sanduku.

Siku ya kupimwa mzee alitumwa jikoni nje, akakaa na sufuria yake ya chai. Si Kibe akawasha mashine! Nasike akaruka kufunga dirisha, waya ukanaswa na kiti, hedfoni zikachomoka, na sauti ya mwanamke ikajaa nyumba nzima.

"Nasike, hiyo ni nini tena? Hamjambo lakini hapo nyumbani?"

Mzee akainuka. Mgeni amesalimu nyumba! Lenah maisha yake yote hakuacha mgeni asalimu mara mbili. Akamimina chai kwa kikombe cha wageni, kile cha maua, akaingia, akakiweka mbele ya laptopu.

"Mulembe, mgeni. Karibu chai."

"Papa!" Nasike alishika kichwa.

Kwa kioo cha laptopu alikuwa mwanamke wa makamo. "Asante, mzee. Mimi naitwa Jepkoech. Lakini niko mbali, niko Kapsokwony."

"Wewe ndiye mkubwa wake?"

"Ni mimi."

Haya basi. Miaka yote mzee alitafuta mkubwa wa kumwambia maneno, na leo mkubwa amejileta mezani bila askari wa geti. Akavuta kiti. Maneno yalikuwa tayari, yamenolewa kama panga. Akafungua mdomo.

Jogoo akawika. Hakuwa wa Tuwan, alikuwa wa Kapsokwony. Jepkoech aligeuka kumfukuza, bega likagusa blanketi la kijivu lililotundikwa nyuma yake, msumari ukaachia. Mzee akaona jiko la kuni, masufuria, na kuku akitembea juu ya meza. Akaona pia kwamba hedfoni za mkubwa zimefungwa kwa plasta. Jepkoech aliokota blanketi mbio mbio, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kwani na wewe wanakupima?" mzee akauliza.

"Kila siku. Kuna mwingine huko juu anasikiliza."

"Hata sasa?"

"Hata sasa, mzee."

Wepukhulu akasukuma kiti nyuma. Wanasema mkubwa ni jalala, lakini hili jalala lilikuwa linatupiwa kutoka juu. Hakusamehe. Maneno yake aliyaweka tu, anayestahili kuyasikia atafika siku moja.

"Chai inapoa," akasema. "Kwangu mgeni akishindwa kunywa, mtoto wa nyumba anamnywea. Nasike, kunywa."

Nasike akanywa.

"Imeshuka vizuri," Jepkoech akacheka. Kisha sauti ikapoa. "Lakini kelele lazima niandike. Nisipoandika, nitaandikwa mimi. Naweza kuomba upimwe tena Ijumaa. Zaidi ya hapo sina."

"Naweza kuomba," mzee alinung'unika akitoka. "Ndivyo wanasemanga."

Lakini alienda moja kwa moja kwa sanduku la bati. Blanketi lilikuwa bado na harufu ya Lenah, ya moshi na sabuni. Alisimama nalo kifuani muda, halafu akauliza nyundo iko wapi.

"Papa, si ulisema..."

"Nilisema. Shika huku."

Alipiga misumari minne. Ule mmoja wa Kapsokwony alikuwa ameuona mwenyewe ukiachia.

Ijumaa Kibe alisaga tangu asubuhi. Mzee alikuwa jikoni nje Nasike alipotoka, hedfoni zikiwa shingoni.

"Nimepita, Papa. Jepkoech anasema hakusikia kitu. Anauliza ati leo hakuna chai?"

Mzee akainua sufuria ya chai. Alikuwa ameshaosha kikombe cha maua.