Nyundo, Mita ya Gesi na Uso Wangu

Wiki ile baridi ya Buffalo, huku Marekani, ilikuwa inapiga watu. Sitii chumvi. Nilitoka nje kutema mate, yakagonga ngazi kama msumari, na upepo wa ziwani ulimzaba kofi mbwa wa jirani, hadi leo hajarudi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, kuanzia Grant Street hadi nilikofikia, na theluji imefika madirishani. Nyumba ya shemeji yangu Sipriani ilibakiwa na hita moja ya gesi, ya ukutani, ya kizamani, isiyohitaji umeme. Mbele ya hita hiyo, ndani ya mablanketi saba, alilala mjukuu wetu wa siku nane, niliyetoka kwangu Louisville kuja kumwona.

Asubuhi moto wa hita ukaanza kunywea. Tukatoka nje, tukakuta mita ya gesi imevaa barafu.

"Shemeji Medard, fundi ni wewe," Sipriani akasema. "Tunafanyaje?"

Miaka kumi na moja nimewasimulia nilivyokuwa fundi mkuu wa gesi kiwandani Louisville. Jinsi mabomba yalivyoganda, nikayamwagia maji ya moto, kisha nikaligonga bomba kuu kwa nyundo, pigo moja tu, kiwanda kizima kikaamka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafagia. Lakini mtu akikuita fundi mbele ya dada yako, utasema nini?

"Maji ya moto," nikasema.

Kwa moto kidogo uliobaki jikoni tukachemsha na kumwaga masufuria manne. La tano halijachemka, mita imekuwa jiwe, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na hita ikazimika.

Dada yangu Kostansia, mke wa Sipriani, akawapigia watu wa gesi. Wakasema watakuja nyuma ya greda la kuzoa theluji barabarani, mita isiguswe. Sipriani hakutaka kusikia. Mtoto alikuwa ameshaanza kukohoa. Akaenda gereji kutafuta nyundo yake ya kuvunjia zege.

Nikatumia nafasi hiyo kumpigia mpwa wangu Reginaldi, mtoto wa dada yetu mkubwa, aliyeko Gahanna, pale Columbus. Yule ni fundi wa gesi kwelikweli, ana cheti. Akanisikiliza hadi nilipofika kwenye nyundo.

"Mjomba, mkiigonga, bomba linakatika na gesi inaingia ndani. Cheche moja tu, mtamzika mtoto pamoja na ukuta. Mzuie huyo mtu."

Sipriani akatokea na nyundo begani. "Sasa pigo moja, kama Louisville."

"Shemeji, acha, bomba litakatika tulipuke. Ya Louisville ni uongo. Mimi nilikuwa nafagia."

Akacheka. "Leo ndiyo umeanza unyenyekevu? Sogea."

Nikamrukia. Mimi nina miaka sitini na tisa, yeye hamsini na nne na shingo ya fahali. Kiwiko chake kilinipata puani, nikasikia kitu kikivunjika kama biskuti. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Akanipiga goti tumboni, tukabingirika, theluji ikawa nyekundu. Akaniacha pale kama gunia, akaokota nyundo, akaiinua.

Nguvu zilikuwa zimekwisha. Nilichobakiwa nacho ni mdomo.

"Baiskeli yako ya kule kambi ya wakimbizi Mtabila haikuibwa," nikasema. "Niliiuza mimi."

Nyundo ikasimama hewani. Baiskeli ile aliililia kama mtu aliyefiwa. Akaja, akanipiga ngumi tatu za baiskeli, jino likaruka. Kisha akarudi kwenye mita.

"Na mahari ya Kostansia. Baba alitaka mbuzi wanne, mimi nikakwambia sita. Wale wawili wa nyongeza tuliwala mimi na wenzangu."

Akarudi. Mbuzi wale walikuwa na mateke.

Ikawa hivyo. Kila nyundo ilipopanda, nilitoa dhambi nyingine. Nikatoa barua yake ya mapenzi niliyowasomea vijana wa kambi nzima. Nikatoa jogoo wake. Jicho la kushoto likafungika. Kostansia akatoka mbio.

"Sipriani, mwache, utamuua."

"Dada," nikamwambia, "usimkatishe."

Mwishowe niliishiwa dhambi, na watu wa gesi bado. Nyundo ikapanda.

"Siku ya harusi yenu," nikasema, "Kostansia alikuwa anamlilia Salomon."

Safari hii aliitupa nyundo kabisa. Alinikaba koo kwa mikono miwili, dunia ikaanza kuwa nyeusi pembeni, na aliyemng'oa juu yangu alikuwa mama mmoja mfupi mwenye koti la kung'aa na mkoba wa vifaa.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

Nikamwonyesha mita.

Aliiyeyusha taratibu kwa mashine ya hewa ya vuguvugu, akabadilisha kidude kimoja, akaingia ndani kuwasha. Mchana mtoto alikuwa anayapiga mablanketi mateke.

Sasa nimerudi kwangu Louisville, natafuna uji. Sipriani amenisamehe baiskeli, mbuzi, barua na jogoo. Lakini juzi Kostansia alinipigia.

"Kaka, Salomon ni nani? Mume wangu hali, halali."

"Hakuna Salomon. Nilikuwa nimeishiwa."

"Basi mwambie ni uongo."

"Nimemwambia mara sita. Anasema nimeanza tena unyenyekevu."