Mita Kumi na Nne kwa Sekunde

Saa nne na dakika kumi asubuhi upepo uliingia kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya pili, na Mochizuki Kazue akaupima kama alivyoupima kila siku ya kazi tangu Februari: mita kumi na nne kwa sekunde, kutoka magharibi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Wafanyakazi walishaweka mawe juu ya karatasi zao, na mhasibu, asiyependa mchezo na chakula chake, alikuwa amelifunga sanduku lake la wali kwa kamba mbili.

Kazue alikuwa mjaribu wa mbao za tanga, zile za kuteleza juu ya mawimbi mtu akiwa amesimama, katika kampuni iliyokuwa ikizitengeneza mjini Omaezaki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezipanda baharini kabla hazijauzwa. Alijua kwamba ubao mpana wenye mkia mnene huondoka mapema upepo ukiwa dhaifu, lakini ukivuma kwa nguvu huinua pua, na pezi lake huachia maji. Ubao mdogo mwembamba hugeuka vizuri kwenye wimbi, ila upepo ukilegea humzamisha aliyeupanda. Ubao wa kila bahari haupo. Ndiyo maana ule wa lita tisini na sita, uliotangazwa kuwa mmoja kwa pepo zote, aliuandikia ripoti fupi. Maji yakiwa shwari, ni mzuri. Mawimbi yakifika mita mbili na upepo kumi na nne, hupasuka mbele ya mikanda ya miguu unapotua. Usiuzwe.

Ripoti hupita kwa watu watano, na kila mmoja hugonga muhuri wa jina lake kando ya mwenzake. Wa chini huugonga wake umelala kidogo kushoto, ili uonekane unamwinamia bosi. Kazue hakuwahi kuulaza wake. Walipomwambia ni utovu wa adabu, aliwajibu kwamba upepo nao hauna adabu.

Ubao uliuzwa. Kinyozi mmoja, Oishi Tetsuya, aliununua, ukampasukia mbali na ufuo saa nne na dakika arobaini, na siku ya tatu maiti yake ikaokotwa. Wiki hiyo hiyo upepo wa siku ile ulihamia ofisini, na kila siku, kwa dakika ile ile ubao ulipopasuka, huja wimbi moja. Watu huinua miguu, lipite.

Mwezi Aprili mjane wake, Hisae, alikuja. Meneja Sugimori alimpokea kwa heshima zote katika chumba kile kile, Kazue na mhasibu wakiwa mezani, na kumpa viatu vya ndani.

"Karibu, mama. Utusamehe, humu mna upepo kidogo."

"Naujua," alisema Hisae. "Nilisimama nao ufuoni siku tatu."

"Ndio wenyewe. Sisi tumeshauzoea."

Hisae hakukaa. "Watu wanasema mume wangu hakujua kuchagua ubao. Tetsuya! Miaka ishirini yumo katika bahari hii! Semeni tu kwamba ubao ulikuwa mbovu. Sitaki kingine."

"Ulijaribiwa, mama." Meneja alisogeza karatasi, akaishikilia kwa vidole viwili. "Muhuri wa mjaribu huu hapa."

Kazue aliinama kutazama. Ripoti ilisema ubao unafaa kwa pepo zote. Chini yake lilikuwepo jina lake kwa wino mwekundu, limeinama mno, karibu lilale kifudifudi. 

"Huo si wangu, dada," alimwambia Hisae. "Mimi niliandika usiuzwe." Akatoa muhuri wake mfukoni, akaugonga pembeni mwa karatasi, ukasimama wima.

"Mochizuki, usituaibishe mbele ya mgeni."

"Aibu mmeileta nyie! Mmeenda dukani mkaninunua kama sabuni!"

"Mihuri ya jina lako inauzwa kila duka," alisema meneja kwa upole. "Nani atajua? Muhuri ni muhuri."

Saa nne na dakika arobaini wimbi lilikuja. Meneja na mhasibu waliinua miguu. Hisae hakuinua yake, likampiga magotini, akainama na kutia mkono ndani yake mpaka likapita.

"Ndilo hili?"

"Ndilo," alijibu Kazue.

"Hili? Kwa ubao mzima angelipanda huku anaimba." Akaanza kulia, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko machozi.

Meneja alimletea taulo na boksi la chai ya kijani, limefungwa vizuri kwa kitambaa. Akamwinamia kwa muda mrefu, kama inavyopasa.  Ile karatasi alikwisha kuichana.

Kufikia majira ya joto kampuni iligundua kwamba hakuna mshindani mwenye upepo usiokosa hata siku moja. Chumba cha mikutano kikawa cha majaribio. Katalogi mpya ilisifu mbao zilizopimwa kwa upepo wa kweli, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na ubao ule ule wa lita tisini na sita, sasa wa rangi ya chungwa.

Ripoti ya ubao huo ilizunguka ofisini siku ya Jumatatu. Kazue alikwisha kuandaa neno lake, lile lile moja, usiuzwe, na kalamu ilikuwa mkononi. Karatasi ilimfikia mezani na jiwe juu yake. Mihuri yote mitano ilikuwa imekamilika, wake ukiwa mwishoni mwa safu, na safari hii walikuwa wameuinamisha zaidi.

Akatazama kipimo. Mita kumi na nne, ule ule wa Tetsuya.