Soksi Nyeupe za Kukhu

Kitendawili. Kwangu kuna kiti kimoja tu. Mgeni akiingia, mwenyeji hukaa chini.

Fikirini kwanza, msikimbilie. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Nakuru, na Nakuru nimeipokea. Nimeenda huko, nikafika Kaptembwo asubuhi na mapema, nikamkuta mwanamke anaitwa Nekoye amesimama mlangoni pake anafunga leso. Mtoto mchanga, Linah, alikuwa mgongoni. Quincy, mwenye miaka miwili na kitu, alikuwa chini kwenye matope, ameshika sketi ya mama yake kwa ngumi zote mbili, analia anataka kupanda. Kiti ni mgongo wa mama. Mgeni ni yule mdogo. Jibu ndilo hilo, lakini kitendawili kinaisha na shida inabaki palepale, kwa hivyo msiondoke.

Nekoye alikuwa anafulia watu nguo. Kazi yake ilikuwa Section 58, ng'ambo ile nyingine ya mji, kwa mwanamke anaitwa Wangui. Kabla ya Linah kuzaliwa alikuwa anaenda na Quincy mgongoni, anainama kwenye karai naye huko nyuma amelala. Sasa walikuwa wawili, na Wangui alisema neno lake akiwa ameshika geti. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuwa na mfanyakazi mwingine ambaye mtoto wake aliangusha televisheni.

"Mmoja wa mgongoni hagusi kitu," alisema. "Wa pili ana mikono. Kuja na mmoja, Mama Quincy. Wawili hapana."

Joash, mume wa Nekoye, alikuwa kibarua kwa mjengo wa nyumba Naivasha, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi akikumbuka. Nekoye alimpigia simu kumwambia maneno ya Wangui. Joash alisema wataona. Tena alikuwa mtu wa kusema wataona kwa sauti nzuri sana, mpaka mtu akikata simu anadhani amesaidiwa.

Kesho yake asubuhi, Kukhu alikuja.

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Huyu alikuwa mama yake Joash, jina lake Trizah, na walikuwa wamemzika huko Bahati, nje ya mji, kwenye kipande cha shamba alichonunua marehemu mumewe alipostaafu reli, mwezi mmoja kabla Quincy hajazaliwa. Alikuja amevaa gauni la kijani la akina mama wa kanisa, lile walilomzika nalo, na soksi nyeupe. Viatu hakuwa navyo, kwa sababu wakati wa kumvisha, mtu mmoja alisema viatu ni vya nini. Soksi zilikuwa zimeliwa na barabara, vidole viwili vinachungulia.

"Nimekuja kumchukua mtoto," alisema baada ya kusalimia.

Nekoye alijua anasema nini. Kwa watu wao, wa pili akizaliwa, wa kwanza anapelekwa kwa nyanya yake akakae huko mpaka mdogo ajue kutembea. Na Kukhu alipokuwa mgonjwa aliwahi kuweka mkono juu ya tumbo la Nekoye akasema, huyu ni wangu, siku mwingine akija unaniletea. Nekoye akajibu, ndiyo mama. Mwana wa mtu angejibu nini kingine? Ahadi kama hiyo inatakiwa kufutwa kaburini kabla udongo haujaingia, mtu anainama na kusema, mama, lile neno tunaliacha hapa. Lakini mwenye mimba hasogei karibu na kaburi, kwa hivyo Nekoye alikaa jikoni na masufuria. Joash ndiye alitumwa kumsemea. Saa ile Joash alikuwa anabishana na wenye tenti juu ya kamba iliyokatika, na alipomaliza kubishana akakuta wanaume wanapiga koleo juu ya udongo kuulainisha.

Basi Kukhu akaketi kwa kigoda, akanywa chai bila kuipunguza kikombeni, akamfunga Quincy mgongoni. Quincy akanyamaza papo hapo. Mtu akitafuta mgongo haangalii ni wa nani.

Akiwa mlangoni Kukhu aligeuka. "Alale kwangu?"

Nekoye hakujibu. Aliangalia sufuria. Wazee waliokufa wana adabu kuliko wazima: usipowajibu, hawajifanyi wamesikia ndiyo. Kukhu akaondoka na mtoto, na jua lilipoanguka akamrudisha.

Siku hiyo Nekoye alifua kwa Wangui mpaka mashuka, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ikawa hivyo. Asubuhi Kukhu anakuja kutoka Bahati, jioni anarudi naye. Anyango, jirani wa mlango wa pili, alikuwa anamsalimia akipita na ndoo.

"Za Bahati, mama?"

"Za Bahati ni mvua tu."

Halafu Anyango akamwambia Nekoye ashukuru Mungu. "Mimi mwenzako, mama mkwe wangu yuko hai, ana meno yote, na hawezi kunishikia hata chupa ya mtoto. Wako ametoka kaburini. Wewe unataka nini tena?"

Joash naye, alipoambiwa kwa simu, alicheka kwa furaha. Alisema mama yake hajawahi kupoteza mtoto wa mtu. Nekoye akamwomba aende Bahati Jumapili aseme lile neno alilosahau. Joash alisema Jumapili bila kukosa. Jumapili fundi mkuu alitaka slabu imwagwe.

Quincy mwenyewe hakulalamika. Alirudi jioni ana udongo mwekundu ndani ya masikio, ananuka kama kiazi kilichochimbwa leo. Alisema kwa Kukhu kuna giza zuri na hakuna mbu. Uji alikuwa anauonja na kuurudisha. Mikono yake ilikuwa baridi, na kila jioni alikuwa mzito kuliko jana, uzito wa blanketi lililolowa, mpaka Nekoye akimwinua kumlaza kitandani anashika ukuta kwanza. Kliniki walimtundika kwa mizani, mshale ukazunguka ukapita mwisho, na muuguzi akasema mtoto anaendelea vizuri sana, mama aongeze mboga.

Asubuhi moja Kukhu alipofika, Nekoye alimwambia leo ataenda nao wote wawili. Kukhu akasema sawa, akakaa kwa kigoda kupumzisha miguu.

Nekoye akatoka, Linah mgongoni, Quincy kifuani. Alifika kwa stage ya pikipiki za boda, karibu na kinu cha posho mill, akiwa amelowa jasho. Alimwita Kipkoech, kijana aliyekuwa amembeba mara nyingi akiwa na mimba. Kipkoech aliwatazama akakuna shingo.

"Mathe, huyo wa mbele akisinzia tunaanguka sisi wote."

"Nitamshika."

"Utamshika na mkono gani?"

Hata hivyo aliwapandisha, kwa sababu ya zamani. Nekoye alipokaa na Quincy, gurudumu la mbele likainuka juu, na pikipiki ikasimama kama mbuzi anayetafuta majani. Wenzake Kipkoech wakacheka wakamwambia aongeze mafuta mbele. Kipkoech akawashusha polepole, akaomba msamaha, akabeba mwanamume mmoja mwenye gunia la makaa.

Nekoye akatembea. Alipochoka alimweka Quincy chini, na Quincy akikanyaga chini alikuwa anazama mpaka kwenye kifundo cha mguu, anasimama hapo anangoja kung'olewa. Watu wa kwenda kazini waliwapita pande zote mbili. Wengine walisema pole mama. Mmoja alisema watoto wana bahati kuwa na mama mwenye nguvu. Kwenye reli Quincy alizama katikati ya mataruma, na Nekoye akamvuta, Linah analia nyuma, mpaka kiatu kimoja kikabaki hapo. Hakuna treni iliyokuja. Ingekuja treni, watu wangesema mama alikuwa wapi.

Alifika Section 58 wakati watu wanaanua nguo. Wangui alikuwa amefua mwenyewe, mikono imemwiva. Alimtazama Quincy, ambaye alikuwa ameanza kuzama kwenye maua yake, akasema hakasiriki, lakini kesho aje na mmoja au asije. Kuna msichana mwingine amemuulizia hiyo kazi na hana mtoto hata mmoja. Nekoye akasema ameelewa.

Usiku huo maziwa yalikuwa machache. Mtu ambaye hajala ananyonyesha nini? Linah alivuta, akaacha, akavuta tena.

Kulipokucha Kukhu alikuja amechelewa. Soksi hazikuwa soksi tena, zilikuwa pete mbili za kitambaa kwenye vifundo. Nekoye akamletea maji ya moto kwenye beseni, akamwosha miguu, na maji yakawa mekundu ya udongo wa shamba. Akamvisha slipa zake mwenyewe. Kukhu alishukuru kisha akasema jambo lake, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwanangu, kwenda kwetu ni mteremko kutoka kila mahali. Kurudi ni mlima kutoka kila mahali. Nimeshindwa. Leo naweza kwenda naye. Kumrudisha siwezi."

Nekoye akasema, "Nimekusikia, mama."

"Sikulazimishi. Ukisema abaki, nitaenda peke yangu na sitakuja tena kukusumbua. Alale kwangu?"

Nekoye akaomba angoje kidogo. Akaenda kwa Anyango, akamuuliza kama anaweza kumshika Quincy mpaka jioni, leo tu. Anyango alikuwa anafunga mlango na kibeseni cha dagaa wa omena kichwani. Alisema angemshika kwa moyo wote, Mungu ni shahidi, lakini omena hazijiuzi, na akauliza nyanya yake ana shida gani leo. Nekoye akasema amechoka. Anyango akasema wazee ni hivyo.

Akatoka mpaka barabarani, akampigia Joash. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, Joash akashika, nyuma yake mashine inasaga. Nekoye akamweleza yote, pamoja na maneno ya mteremko na mlima.

"Si ni mama yangu," alisema Joash. "Ni nani atamwangalia vizuri kuliko yeye? Mwisho wa mwezi tutaona."

"Njoo leo, Joash."

"Leo tunamwaga zege, mama. Zege haingoji."

Akarudi nyumbani. Pale stage Kipkoech alimpungia mkono. Alikuwa amebeba godoro.

Kukhu alikuwa ameshamfunga Quincy mgongoni, amemfunga tu asilie, hajavuka kizingiti. Quincy alikuwa ameweka shavu kwenye gauni la kijani, macho yanaanza kulegea. Nekoye alimtazama kwa muda. Kisha akafanya kazi. Alitafuta sweta ya Quincy, ile yenye kifungo kimoja, akamvalisha bila kumfungua mgongoni, mkono mmoja, halafu mwingine. Akaweka kikombe chake cha plastiki ndani ya mfuko. Akatafuta kile kiatu cha pili, akakiangalia, akakiweka pia.

"Sweta usimvue usiku," alisema.

"Simvui," alisema Kukhu.

"Hapendi uji ukiwa na ngozi juu."

"Nitautoa."

Linah aliamka kitandani akaanza kulia. Nekoye akaenda akamwinua, akainama, akamtupa mgongoni kwa ule mtupo wa akina mama, akakaza leso kifuani mafundo mawili. Alikuwa mwepesi. Mikono yote miwili ilibaki mitupu mbele yake, nayo akachukua karai na sabuni.

Kukhu alikuwa bado amesimama mlangoni. Hakusukuma neno. Nje watu walikuwa wanapita kwenda kazini, na mmoja alimsalimia, akaitika.

"Alale," alisema Nekoye.